Katekista Aliyepima Mahindi Kanisani

Ukimwambia katekista wetu kwamba njaa ni mapenzi ya Mungu, alikuwa anakuuliza, "Alikuambia lini?" Halafu ananyamaza, anakutazama, anasubiri jibu kana kwamba kweli unaweza kuikumbuka siku yenyewe. Nimeona watu wazima wenye wajukuu wakikosa pa kuweka macho. Hata msibani alikuwa hivyo hivyo. Mara moja tulizika mtoto aliyekufa kwa kuharisha, na watu wakawa wanamfariji mama yake kwamba Mungu kampenda zaidi. Katekista akainuka kwenye mkeka. "Mungu hakuchafua kisima," alisema. "Tumzike mtoto, halafu kesho tuje na majembe, tuchimbe vyoo mbali na maji." Wapo waliompenda kwa hilo. Wengi walimwona hana adabu kwa wafiwa, na siku nyingine mimi nilikuwa miongoni mwa hao wengi.

Nilipelekwa kijijini kwao kufundisha shule ya msingi, upande wa Mwazye, nje ya Sumbawanga, kule ambako mashamba ya mahindi na ulezi yanapanda vilima mpaka jicho linachoka kuyafuata. Kanisa letu lilikuwa kigango tu. Padri alikuja mara moja kwa mwezi, na mvua zikizidi hata hiyo mara moja hatukuipata. Siku nyingine zote kanisa lilikuwa mikononi mwa katekista: ibada ya Jumapili, mafundisho ya komunyo na kipaimara, maziko, magomvi ya wanandoa. Mimi nilikuwa na mwandiko mzuri na Kiingereza cha kuombea maji, basi haukupita mwaka nikachaguliwa katibu wa halmashauri ya walei. Miaka tisa nimekaa naye meza moja. Ninayoyaandika hapa nimeyaona, na mengine niliyatenda mwenyewe.

Alikuwa na koti moja la kazi, la buluu, la mtumba, alilolinunua mnadani. Kifuani lilidariziwa jina la mtu wa nchi ya mbali, jina ambalo hata mimi mwalimu sikuweza kulitamka. Kila Jumapili kwenye maombi, akishamwombea Baba Mtakatifu na wagonjwa, aliongeza: "Tumwombee na mwenye koti hili. Hatujui kama alilitoa kwa sababu alipata jipya, au kwa sababu alifukuzwa kazi. Ee Bwana." Nasi tunaitikia, "Twakuomba utusikie." Mwanzoni vijana walicheka. Baadaye hakuna aliyecheka. Mama mmoja wa kwaya aliniambia kwamba yule mzungu wa koti yeye ameshamzoea kuliko mashemeji zake.

Darasani kwake watoto walikariri amri za Mungu kama kwa makatekista wote. Lakini wakifika kwenye usiibe, aliwasimamisha. "Baba yenu amenunua mbolea kwa bei ya ng'ombe, akauza mahindi kwa bei ya kuku. Ameibiwa, hajaibiwa?"

"Ameibiwa!" watoto wanapaza sauti.

"Na nani?"

Watoto wanatazamana.

"Hamjui. Hata mimi jina lake silijui. Lakini msije mkasema hajaibiwa kwa sababu mwizi hamkumwona."

Padri alimwonya kwa hilo. Alimwambia kwamba watoto wa komunyo ya kwanza hawahitaji habari za bei. Katekista aliitikia, "Ndiyo, Baba," kwa unyenyekevu kabisa, na Jumamosi iliyofuata akafundisha vilevile.

Nisimfanye malaika. Alikuwa na hasira za karibu, na akikasirika aliacha Kiswahili akasema Kifipa tupu, nasi tusiokijua tukawa tunasoma mishipa ya shingo yake. Alihubiri dhidi ya pombe Jumapili hadi Jumapili, wakati mke wake ndiye aliyekuwa mpikaji hodari wa pombe ya ulezi katika kitongoji chote, na watoto wao wanne walisomeshwa na mitungi hiyo. Mwenyewe alikunywa, jikoni, mlango umefungwa. Siku moja nilimwuliza. Akasema, "Mimi ninakunywa kimoja, mwalimu. Nahubiria wanaokunywa kumi." Mke wake alikuwa anapembua ulezi pembeni. Hakuinua uso. "Kimoja cha ndoo," alisema.

Huyo mama ndiye aliyeulipia ukweli wa mumewe, kwa mgongo wake. Katekista hakuwa na mshahara wa maana. Shamba lilingoja, yeye yuko maziko ya kijiji cha tatu. Palizi ilichelewa, yeye yuko semina. Haki aliyoidai kwa dunia nzima, kwake haikufika mpaka jikoni, na sidhani kama aliwahi kuliona hilo. Mimi nililiona nikanyamaza, kwa sababu mama mwenyewe alinyamaza.

Kisha wakaja wageni.

Parokia yetu ilikuwa na parokia rafiki Ulaya, na kila baada ya miaka michache walikuja kututembelea. Kiangazi kile walifika kigangoni na magari mawili, wakiwa na padri wetu, Paroko. Walileta madaftari, mipira na marobota ya nguo, na walikuwa na mchoro wa tangi la maji walilokusudia kutujengea. Walikuwa watu wema. Nalisema hili kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Mmoja wao, bibi mwenye nywele nyeupe, alikaa chini kwenye mkeka na akina mama, akalia kwaya ilipoimba.

Katekista akaombwa atoe neno la shukrani, mimi nitafsiri. Akasimama na koti lake.

"Waambie tumewapokea kwa furaha, na zawadi tumezipokea," alisema. "Sasa waambie na hili. Mbolea tunayotumia inatoka kwao, au kwa jirani zao. Wakipigana huko, bei inapanda huku, na vita hiyo sisi hatukuipigana. Tukilima tukapata mengi, bei inaanguka. Tukipata machache, tunayala yanakwisha. Kila mwaka sisi tunalima, na kila wakija wanatukuta tunahitaji nguo. Waulize kama wamewahi kukaa kanisani kwao wakajiuliza ni kwa nini. Waulize kama katika waumini wao hakuna hata mmoja anayefanya kazi kwenye hayo makampuni, na kama wamewahi kumwuliza. Tangi tunashukuru. Lakini ndugu wa kweli hakuletei ndoo ya maji kila mwaka asiulize nani ameziba mto."

Paroko alinitazama. Aliangusha tu macho kwenye ule mchoro wa tangi, akayainua tena kwangu.

Nikageuka kwa wageni, nikawaambia kwa Kiingereza kwamba katekista anawashukuru sana, kwamba maji yatawasaidia watoto wetu, na kwamba anaomba waendelee kuyaombea mashamba yetu.

Wakapiga makofi. Yule bibi akaniinamia, akauliza kwa upole, mbona mzee amesema maneno mengi kuliko hayo. Nikamjibu kwamba Kiswahili ni lugha yenye maneno mengi.

Katekista alikuwa bado amesimama. Kiingereza hakujua hata salamu. Aliwatazama mmoja mmoja, halafu akaniambia mbele ya watu wote, bila ukali, "Mwalimu, hawa wanatabasamu."

Nikaanza kurudi kwenye kiti changu.

"Niliyoyasema hayatabasamiwi," akasema, akakaa.

Tangi lilijengwa. Maji yake ni safi, nimeyanywa miaka mingi, nimefulia, nimeogeshea wanangu. Nilijiambia kwamba nilifanya vizuri. Huenda nilifanya vizuri. Lakini tangu siku ile katekista hakuniomba tena nimtafsirie wala nimwandikie jambo lolote. Aliandika mwenyewe, polepole, kwa herufi kubwa.

Mavuno ya mwaka uliofuata yalikuwa mazuri, na mavuno mazuri kwetu ndiyo balaa. Wanunuzi wanachagua, wanabeza, na kila mahali ni lumbesa. Kwa asiyejua: gunia la kawaida linajaa debe sita. La lumbesa linaongezewa shingo ya kamba juu, linashindiliwa kwa magoti mpaka linameza debe la saba na zaidi, na linanunuliwa kama gunia moja tu. Kila mtu anajua hairuhusiwi. Kila mtu anauza hivyo hivyo, kwa sababu ada ya shule haingoji na lori likiondoka limeondoka.

Mnunuzi mkubwa wa upande wetu alikuwa mwenzetu wa kanisa. Aliishi Sumbawanga, lakini kwao ni kijiji cha jirani, na bati za kanisa letu alizitoa yeye. Jumapili ya mavuno alikuja na mkewe, wamependeza, wameleta kinanda kipya cha kwaya. Tukawapa viti vya mbele.

Wakati wa matoleo watu walipita na vikapu vyao, kuku, maboga, maharage. Wa mwisho akawa katekista. Yeye na mzee mmoja wa kanisa waliburuza gunia la lumbesa kutoka mlangoni mpaka mbele ya altare. Lilikuwa gunia lake mwenyewe, lililoshindiliwa na madalali wa yule tajiri siku mbili kabla, likingoja lori. Akatandika turubai. Akakata kamba kwa kisu. Akachukua debe, akaanza kupima.

"Moja," alisema. Alisawazisha juu kwa kiganja, akamwaga.

Debe la tatu, watu walikuwa wanahesabu pamoja naye, kwa sauti ya chini kama wanaosali rozari. La sita akasimama, akapangusa jasho. Gunia lilikuwa bado lina mahindi chini. Akajaza la saba, akaliweka peke yake mbele ya kiti cha tajiri.

"Bwana mkubwa, nakuuliza kwa heshima," alisema. "Hili la saba ni la nani?"

Tajiri hakuwa mtu wa kelele. Alisimama, akafunga kifungo cha koti. "Katekista, na mimi nikifika mjini napimiwa hivyo hivyo. Wenye maghala wananipunja kwa mizani yao, na wao kuna watu wa nje wanaowapangia bei kwa simu. Hakuna asiyepunjwa. Unataka nianze mimi?"

"Ndiyo," katekista alisema. "Nilitaka uanze wewe. Wewe ndiye ninayekujua jina."

Tajiri alimshika mkewe mkono wakatoka. Dereva wake akarudi kuchukua kinanda. Kwaya ikaimba bila kinanda, vibaya, mpaka ibada ikaisha.

Siku mbili tatu tulitembea vichwa juu. Vijana walimpigia katekista saluti barabarani, "Mzee, umetisha!" Kisha malori yakaanza kupita kijijini kwetu bila kusimama. Yanakwenda kijiji cha mbele, yanarudi yamejaa, vumbi lake linatua juu ya magunia yetu. Wiki ya kwanza watu waliwalaani wanunuzi. Wiki ya tatu walikuwa wanamlaani katekista. Ada, sare, dawa, harusi zilizokwisha kutangazwa. Kila mmoja alikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli.

Halmashauri ikaitwa. Paroko alikuja mwenyewe. Namkumbuka ameshika kichwa kwa mikono miwili, mtu aliyechoka, mwenye vigango kumi na kitu na nyumba ya masista isiyo na paa. Alisema kwamba katekista hakukosea mafundisho, alikosea mahali. Mwenyekiti wetu akasema, "Baba, haki haina lori." Akauliza nani anataka katekista aondolewe. Nilinyoosha mkono pamoja na wengine.

Barua niliiandika mimi. Niliandika kwamba halmashauri, kwa kuzingatia umri wake na utumishi wake uliotukuka, imeona vema apumzike. Nikampelekea nyumbani mwenyewe, kwa kuwa mwenyekiti alisema mguu unamuuma.

Aliisoma amesimama mlangoni. "Umri," alisema. "Mimi ni mdogo kwa mwenyekiti wenu." Akaingia ndani, akatoka na funguo za kanisa, daftari la ubatizo na mishumaa minne iliyobaki kwenye boksi, akanikabidhi. Hakunikaribisha. Pembeni mke wake alikuwa anafagia uwanja, na kwa mara ya kwanza nilimwona anatazama watu usoni. Alinitazama mimi.

Wiki mbili baadaye lori lilisimama. Kila mtu aliuza, na shingo za magunia safari hii zilikuwa ndefu zaidi. Kila mtu isipokuwa katekista. Alisema yake hayauzwi mpaka ije mizani. Mizani haikuja. Wakaja dumuzi, wadudu wa mahindi. Ukipita karibu na ghala lake ulisikia wanavyotafuna, na unga mweupe ulikuwa unadondoka kati ya fito kama majivu. Nilikuwa pale siku mke wake alipofungua kulitazama. Aliingiza mkono, akatoa punje zilizobaki maganda, akazifungulia kiganja mbele ya mumewe.

"Mimi nilipanda haya," alisema. "Mimi nilipalilia. Hukuniuliza."

Katekista alikuwa mtu wa swali kwa kila mtu. Alisema tu, "Kweli, mama fulani," akimtaja kwa jina la mtoto wao wa kwanza, akachukua jembe akatoka. Baadaye nilisikia kwamba mama aliyachambua yaliyopona akayauza mwenyewe, kwa lumbesa, mume akiwa shambani, na jioni akamwekea chai yenye sukari. Wanasema aliinywa yote bila kuuliza sukari imetoka wapi.

Mimi nilihamishiwa Sumbawanga mjini. Ni miaka sasa. Huku parokia ni kubwa, kuna mageti na vipaza sauti, na katibu mzuri hakosi kazi. Wakaniweka kwenye kamati ya huruma, inayogawia wahitaji unga kabla ya Krismasi na Pasaka.

Mwaka huu, wiki chache kabla ya Pasaka, nilikuwa nakwenda kwenye kikao asubuhi, nikakata njia kwa nyuma ya maghala ya nafaka. Pale malori yanapopakia, punje humwagika, na kuna wanawake wanaozifagia kwenye vumbi, wanazipepeta, wanapata cha kusaga. Kati yao alikuwepo mzee mmoja ameinama na ufagio wa chelewa. Nilimpita hatua mbili kabla hajainuka.

"Tumsifu Yesu Kristo, mwalimu."

"Milele amina," nilisema. "Shikamoo, katekista."

"Marahaba. Hapa wananiita babu."

Alikonda, lakini macho yalikuwa yaleyale. Nilimwuliza habari za mama. Yuko, alisema, wamekuja kwa binti yao kwa ajili ya matibabu, miguu imevimba, hawezi kuinama. "Mimi bado nainama," alisema. Shamba amelikodisha, mbolea ilimshinda. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja vituo vya basi.

Kulikuwa na maneno niliyokuwa nimeyatunza miaka mingi nimwambie. Badala yake nikajisikia nasema kwamba nawahi kikao, kwamba tuna mpango wa unga kwa wazee na wagonjwa, orodha inafungwa leo.

"Basi niandike," alisema.

Sikutegemea. Nilitegemea swali, au dhihaka. Nikatoa daftari haraka, asije akabadili mawazo. Akanitajia jina lake kamili, la ubatizo na la baba yake, taratibu, akingoja nimalize. Nililiandika kwa mwandiko wangu ule mzuri.

"Na hawa," alisema.

Wanawake walikuwa wameacha kufagia. Walikuwa watano. Wawili walijifunga ushungi. Mmoja, kwa bangili zake na matamshi yake, alikuwa wa familia za wafugaji waliotoka kaskazini.

"Katekista, unga wa Pasaka ni kwa waamini wetu," nilisema kwa sauti ya chini. "Kamati ndiyo imepanga hivyo. Unga wenyewe mdogo."

"Huyu juzi alikuwa na homa," alisema, akimwonyesha yule wa bangili. "Tulifagia, tukamwekea sehemu yake. Wiki iliyopita mimi nilikwenda hospitali na mama, wakaniwekea mimi. Ndivyo tunavyoishi hapa. Nikipokea peke yangu nitawaambia nini?"

"Sina mamlaka hayo."

"Haya. Basi nifute."

"Mama ni mgonjwa, katekista."

"Najua ni mgonjwa. Ni mke wangu." Aliuegemea ufagio. "Nifute, mwalimu."

Hakuwa amekasirika. Alisubiri. Nami nilikuwa na kalamu mkononi, na ukurasa ulikuwa na mistari mitupu mingi chini ya jina lake. Ningeweza kuwauliza wale mama majina yao mmoja mmoja, nikayaandika, nikaingia nayo kikaoni, nikagombana. Niliiona njia hiyo wazi kabisa, kama barabara.

Saa ya kikao ilikuwa imepita. Nikapiga mstari juu ya jina lake, na alipouona umepigwa, akaniaga vizuri, akainama na ufagio wake.